Pembe Imetoka Wapi?

Kabla Isiolo haijawa mji, kabla ya boma la serikali na karantini ya mifugo, pembe za ndovu zilikuwa zikitoka bonde la Ewaso Nyiro na kushuka pwani mabegani mwa wapagazi. Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani, alizijua njia za nyika hizo kuliko mzungu yeyote wa zamani zake. Mwaka 1883 alisafiri na Joseph Thomson hadi Baringo. Mwaka 1887 akaandamana na Mhungaria Teleki na mwenzake von Höhnel katika safari iliyowafikisha Ziwa Turkana mwaka uliofuata. Wazungu waliandika vitabu wakapata sifa, naye alikuwa kazini, akitafuta pembe. Mwishoni mwa 1892 von Höhnel alirudi tena, safari hii na Mmarekani William Chanler. Walitoka Lamu, wakafuata Ewaso Nyiro wakitumaini itawafikisha kwenye ziwa kubwa. Wakaikuta Lorian, kinamasi. Maporomoko ya mto huo, mashariki ya Archer's Post, yanaitwa kwa jina la Chanler hadi leo. Nyuma yao akaja Arthur Neumann, mwindaji Mwingereza, aliyepiga kambi na Wandorobo chini ya milima ya Mathews na kuchapisha mwaka 1898 kitabu kizima cha habari za kuua ndovu.

Pembe hizo zilipofika pwani, na nyingi kati yake zikavuka hadi Unguja, zilipokelewa na watu waliokuwa na elimu yao. Dalali aliipima pembe kwa frasila, akaigonga, akaikagua rangi na mishipa, akaitenga kalasha na pembe kubwa. Aliweza kukwambia kama ni laini, ya upande wetu wa Afrika, au ngumu, ya magharibi na misituni. Laini ilipendwa Marekani, kwa kuwa ilikatika vizuri kuwa vibao vya piano katika viwanda vya Connecticut. Nyingine ilikwenda Bombay kuchongwa bangili za maharusi. Kwa hiyo swali la asili ya pembe ni la zamani sana katika biashara ya Waswahili, na walioliuliza walikuwa hodari wa kulijibu. Lakini waliliuliza kwa ajili ya bei. Yule mnyama, na wenzake aliowaacha, hawakuwamo katika hesabu.

Serikali ya kikoloni ilipoingia, iliweka daftari. Isiolo ilikua kutokana na karantini ya mifugo iliyokuwa ikishushwa kusini, na kutokana na Wasomali waliopewa makao baada ya kutumika katika Vita Kuu ya Kwanza, ikawa makao makuu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Mwaka 1938 George Adamson aliajiriwa na Idara ya Wanyamapori, na Isiolo ndiyo iliyokuwa kituo chake. Ulimwengu unamkumbuka kwa simba Elsa na kitabu cha mkewe Joy. Sehemu kubwa ya kazi yake, hata hivyo, ilikuwa kufuata wawindaji na kukusanya nyara katika eneo ambalo mtu angelizunguka kwa miezi bila kulimaliza. Pembe iliyookotwa kwenye mzoga au kunyang'anywa jangili ilipimwa, ikapigwa alama na kuandikwa, kisha ikateremshwa Mombasa kuuzwa kwa mnada. Asili yake sasa ilikuwa mstari wa wino.

Wino unadanganya. Miaka ya 1970 bei ya pembe ilipanda na bunduki zikaenea kaskazini. Kenya ilikuwa na ndovu wapatao 167,000 mwaka 1973, na kufikia 1989 walikuwa wamebaki takriban 16,000. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, lakini nje ya mipaka biashara iliendelea kwa vibali, na vibali vilinunulika. Burundi, nchi ambayo ilikuwa karibu haina ndovu hata mmoja wa porini, ilisafirisha nje maelfu ya pembe zikiwa na karatasi safi. Pembe ya mnyama aliyeuawa Tanzania au Kenya ilivuka mpaka usiku, asubuhi ikapewa uraia mpya. Hakuna mkaguzi wa bandari aliyeweza kuisimamisha, kwa kuwa kilichoulizwa ni karatasi, na karatasi ilikuwepo.

Tarehe 18 Julai 1989 Rais Moi aliwasha moto tani 12 za pembe katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Oktoba mwaka huohuo nchi wanachama wa mkataba wa CITES, zikikutana Lausanne, zilipiga kura kuzuia biashara ya pembe za ndovu wa Afrika kimataifa. Watu wengi walidhani mambo yamekwisha. Marufuku hayo yalileta nafuu ya kweli kwa miaka kadhaa. Yalileta pia ugumu mpya: kabla ya hapo pembe ilisafiri na karatasi ya uongo, sasa ilisafiri bila karatasi yoyote, ndani ya kontena lililoandikwa chai, samaki wakavu au mbao. Ikikamatwa Singapore au Hong Kong, polisi walikuwa na shehena, na katika shehena hakukuwa na kitu cha kuwaambia wanyama wale waliuawa wapi. Bila kujua walikouawa, askari wapelekwe pori gani?

Aliyeamua kumuuliza mnyama mwenyewe ni Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Alianza kazi Tanzania, Mikumi, mwishoni mwa miaka ya 1970, akichunguza nyani. Ujangili wa miaka iliyofuata ulipita mbele ya macho yake, na mizoga ya tembo ikawa sehemu ya mandhari aliyofanyia kazi. Kwa kuwa alikuwa amejifunza kusoma homoni za nyani kutoka kwenye kinyesi chao, alijua jambo ambalo wengi hawakulitilia maanani: mavi ya mnyama hubeba seli za utumbo wake, na kila seli ina DNA. Huhitaji kumpiga sindano ya usingizi wala kumgusa. Unamfuata nyuma, unasubiri, unachota.

Pembe ilikuwa ngumu zaidi. Ni jino, na DNA iliyomo ni kidogo na imefungiwa ndani ya madini. Ukiisaga kwa mashine ya kawaida inapata moto, na joto huiharibu. Wenzake Wasser walitumia njia iliyowahi kutumiwa kwenye meno ya binadamu: kipande kidogo kinagandishwa kwa nitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, kinapondwa kikiwa katika baridi hiyo hadi kiwe unga, kisha madini yanayeyushwa taratibu. Mwaka 2003 walichapisha kwamba inawezekana. Mwaka uliofuata walichapisha ramani.

Katika DNA kuna sehemu ambazo herufi chache hujirudia, kama mtu mwenye kigugumizi anayeshikwa na silabi moja. Ndovu mmoja anairudia mara 12, mwingine mara 15. Kila mnyama hurithi nakala moja kwa mama na moja kwa baba. Wasser alichagua sehemu 16 za aina hii. Kwa kuwa ndovu wa eneo moja huzaliana wao kwa wao zaidi kuliko na wa mbali, idadi fulani za marudio huwa nyingi Selous ya Tanzania na adimu Samburu ya Kenya, nyingine kinyume chake. Mwanatakwimu Matthew Stephens alitunga hesabu inayojaza mapengo kati ya mahali palipochotwa kinyesi, kwa kanuni kwamba majirani hufanana. Mwishowe unaichukua pembe isiyo na jina, unazisoma sehemu zake 16, na hesabu inakuonyesha mahali ambapo mchanganyiko kama huo una uwezekano mkubwa wa kuzaliwa. Kufikia 2015 ramani ilikuwa na sampuli 1,350 kutoka mahali 71 katika nchi 29, na kwa kawaida iliweza kuiweka pembe ndani ya kilomita 300 hivi za ilikotoka.

Wahifadhi, askari, watafiti na wanafunzi wa nchi nyingi ndio waliochota kinyesi hicho. Benezeth Mutayoba wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, alikuwa mshirika wa kazi hiyo tangu mapema, na jina lake limo katika machapisho makubwa ya Wasser. Nalitaja kwa sababu habari hizi zikifika magazetini huwa zinaanza na kuishia Seattle.

Isiolo nayo ina sehemu yake, na haijulikani inavyostahili. Ewaso Nyiro inapopita kati ya Hifadhi ya Samburu, ukingo wa kaskazini, na Hifadhi ya Buffalo Springs, ukingo wa kusini ulio katika Kaunti ya Isiolo, wanaishi ndovu wanaojulikana mmojammoja kuliko karibu kundi lolote duniani. Iain Douglas-Hamilton aliunda shirika la Save the Elephants mwaka 1993. Kuanzia 1997 George Wittemyer akaanza kuwaandikisha kwa sura: mkato wa sikio, mkunjo wa pembe, kovu. Kuna ukoo uliopewa majina ya washairi, mwingine ya dhoruba, mwingine ya wake wa marais. Watafiti hao na wasaidizi wao wa Kisamburu walijua nani ni mtoto wa nani, kwa kuwa walimwona akinyonya.

Ujuzi huo ndio uliowavutia wataalamu wa vinasaba wa Makerere. John Okello, Mganda, pamoja na Silvester Nyakaana na wenzao wa Denmark na Kenya, walikuwa na shaka ya haki kabisa. DNA ya kinyesi imechakaa. Jua limeipiga, bakteria wameila. Pengine mashine inasoma nakala moja na kuikosa ya pili, na mnyama mwenye nakala mbili tofauti anaonekana kana kwamba ana aina moja tu. Ukiwa na ndovu usiowajua, kosa kama hilo huwezi kuliona, linaingia katika takwimu na kukaa humo. Lakini kwenye Ewaso Nyiro unaweza kulikamata. Mama anajulikana, mtoto anajulikana, na kwa sheria ya Mendel kila mtoto lazima awe na nakala moja ya mama yake katika kila sehemu. Ikionekana kwamba hana, basi sehemu hiyo ya DNA haisomeki vizuri au sampuli imechanganywa. Mwaka 2005 walichapisha kipimo hicho, kilichofanywa kwa mavi ya ndovu wa Samburu na Buffalo Springs. Kazi ya namna hii haipigiwi makofi. Lakini matokeo yoyote yanayotegemea kinyesi yanahitaji mtu awe ameuliza kwanza kama kinyesi kinasema kweli, na waliouliza swali hilo hapa walikuwa Waafrika Mashariki, kwa ndovu wa Afrika Mashariki.

Miaka mitatu baadaye Okello na wenzake walipanua uchunguzi hadi Kenya nzima, wakasoma aina mbili za DNA kwa pamoja. Ya kwanza hurithiwa kwa mama peke yake. Kwa DNA hiyo, ndovu wa Kenya waligawanyika wazi katika kanda tatu. Ya pili hurithiwa kwa wazazi wote wawili, na kwa DNA hii ya pili mipaka ya kanda ilitoweka. Maelezo yake yako mbele ya macho ya mtu yeyote aliyewatazama ndovu kwa muda. Jike huzaliwa, hukua, huzaa na kufa katika ukoo wa mama yake, katika nchi ileile. Dume akibalehe huondoka, na huweza kutembea kutoka mto hadi mlima na kurudi, akiacha watoto njiani. Majike wameshikilia historia ya mahali. Madume wamekuwa wakizishona kanda pamoja kwa vizazi. Henrik Rasmussen, aliyefanya utafiti kwenye hifadhi hizohizo, alitumia kinyesi kutafuta baba wa watoto, akaona kwamba wanaozalisha zaidi ni madume wenye umri mkubwa walio katika kipindi cha kupanda. Hao ndio wenye pembe nzito, na ndio jangili anaowatafuta kwanza.

Tukirudi kwenye ramani ya pembe, Wasser na Stephens hawakuwa wa kwanza kuikabili hesabu ya mzigo wenye asili zilizochanganyika. Wavuvi na wataalamu wa samaki wa Pasifiki ya Kaskazini walikuwa wameihangaikia kwa miongo, na Seattle yenyewe ni bandari ya uvuvi huo. Katika Bahari ya Bering, meli hukokota nyavu kubwa kutafuta samaki aina ya pollock, na ndani ya nyavu huingia samoni ambao hakuna aliyewakusudia. Mwaka 2007 waliingia samoni aina ya Chinook wapatao 122,000. Samoni huzaliwa mtoni, huenda baharini kukua na hurudi mto uleule kuzaa. Kwa hiyo lundo lile sitahani lina samaki wa mito ya Alaska, Kanada na hata Urusi, wote wakiwa na sura moja. Wanavijiji wa mto Yukon, ambao samoni ni chakula chao cha msimu wa baridi, walitaka kujua wangapi walikuwa wao. Tangu 2011 waangalizi waliomo melini huchukua kipande cha Chinook mmoja katika kila kumi, na maabara ya Juneau hulinganisha vinasaba vyake na vya samaki waliochukuliwa mtoni. Aliyepoteza yuko mbali sana na mahali hasara inapoonekana. Hali ni hiyohiyo kwa mfugaji wa Kisamburu au Mborana ambaye ndovu wa mto wake anaweza kuonekana mara ya mwisho kama jino katika ghala la Asia.

Jaribio kubwa la kwanza la ramani ya ndovu lilitokana na kontena lililokamatwa Singapore mwezi Juni 2002. Lilikuwa limetoka Malawi, likapitia bandari za kusini. Ndani kulikuwa na tani 6.5: pembe 532 na vipande zaidi ya 42,000 vilivyokatwa kwa ajili ya mihuri ya Kijapani. Wapelelezi walidhani mzigo mkubwa namna hiyo lazima umekusanywa kidogo kidogo kutoka sehemu nyingi za bara. DNA ilisema sivyo. Wote walikuwa ndovu wa savana, kutoka ukanda mwembamba ambao kitovu chake ni Zambia. Serikali ya Zambia ilikuwa imetoa taarifa ya ndovu 135 tu waliouawa kwa haramu katika miaka kumi, na shehena hiyo moja ilihitaji maelfu. Fikra nzima ya upelelezi ikabadilika. Kumbe majangili hawazunguki bara zima wakiokota. Wanarudi palepale, mwaka baada ya mwaka, panapowafaa, na mahali pakishajulikana panaweza kulindwa.

Mwaka 2010 Tanzania na Zambia ziliomba ruhusa ya CITES kuuza pembe za maghalani. Wasser na wanasayansi wengine waliandika katika jarida la Science kwamba nchi hizo ndizo zilizokuwa vyanzo vya shehena kubwa, na maombi yalikataliwa mjini Doha. Yaliyofuata yanauma kuyaandika. Sensa ya Selous na Mikumi ilikuwa imehesabu tembo 38,975 mwaka 2009, na mwaka 2013 wakahesabiwa 13,084. Uchunguzi wa shehena 28, uliochapishwa 2015, ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 85 ya pembe za savana zilizokamatwa tangu 2006 zilitoka Afrika Mashariki, hasa kusini mashariki mwa Tanzania na Niassa ng'ambo ya mpaka wa Msumbiji, na kwamba kitovu kilikuwa kikisogea kaskazini kuelekea Ruaha. Vinasaba vilikuwa vimeonyesha mahali mapema kiasi cha kutosha. Kuonyeshwa hakukumzuia mtu yeyote kufumba macho.

Isiolo haikuwa kitovu, lakini wimbi liliifikia. Kati ya sensa ya 2008 na ya 2012 eneo la Laikipia na Samburu lilipoteza ndovu zaidi ya 1,000. Kwenye Ewaso Nyiro, ambako kila mmoja ana jina, kifo hakikuwa makadirio ya mizoga iliyoonwa kutoka angani. Kilikuwa jina lililofutwa, na baada ya wiki chache mtoto aliyeonekana akitembea peke yake au akijibandika kwa ukoo wa wengine. Takwimu hizo za mto mmoja zilimwezesha Wittemyer na wenzake kukokotoa, mwaka 2014, kwamba Afrika ilipoteza ndovu wapatao 100,000 kwa ujangili katika miaka mitatu, 2010 hadi 2012. Kulikuwa na waliojitetea kwa kusema kwamba pembe zinazokamatwa ni za zamani, zimevuja maghalani. Mwaka 2016 Thure Cerling, ambaye alikuwa amesoma nywele za mkia za ndovu wa Samburu kujua walikokula, aliwajibu kwa kupima kaboni iliyoingia angani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia. Katika shehena 14, zaidi ya asilimia 90 ya sampuli zilikuwa za wanyama waliokufa chini ya miaka mitatu kabla ya kukamatwa.

Wakati huo Mombasa ilikuwa imekuwa mlango mkuu wa pembe haramu kutoka Afrika. Wakenya wengi waliziona picha za pembe zilizopangwa sakafuni Kilindini na kuamini kwamba wanatazama ndovu wa Tsavo na wa kaskazini. Baadhi walikuwa hao. Sehemu kubwa ilikuwa imesafiri kwa barabara kutoka kusini. Kenya ilikuwa na aibu yake, ila aibu hiyo ilikuwa zaidi ya bandari, ya ghala, ya wakala wa forodha na ya askari aliyelifungulia lori geti, na hilo lilihitaji dawa tofauti na kuongeza doria katika Hifadhi ya Shaba huko Isiolo.

Mwezi Juni 2014 polisi walipata kilo 2,152 za pembe katika yadi ya magari Tudor, Mombasa. Mfanyabiashara mmoja alikamatwa Dar es Salaam mwezi Desemba, na Julai 2016 akahukumiwa miaka 20. Agosti 2018 Mahakama Kuu ilitengua hukumu hiyo, ikamwachilia. Wiki chache baadaye, Septemba, Wasser na wenzake walichapisha jambo walilolikuta kwa bahati. Ili wasiupime mzigo mmoja mara mbili, huwa wanazitenga pembe zilizo pacha kwa kulinganisha unene, rangi na mstari wa ufizi. Waligundua kuwa zaidi ya nusu hazikuwa na pacha. Walipotafuta pembe ya pili ya ndovu huyohuyo kati ya shehena 38, waliikuta katika kontena jingine, mara nyingi limepita bandari ileile, ndani ya miezi kumi. Mkono uliogawa pembe mbili za mnyama mmoja katika makontena mawili ulikuwa mmoja. Kwa njia hiyo walitambua mitandao mitatu mikubwa: Mombasa, Entebbe na Lomé ya Togo.

Ni haki kusema pia kisichowezekana. Vinasaba huunganisha pembe na pembe, pembe na pori. Jina la mtu aliyelipa lori havina. Hakimu anahitaji simu, risiti, shahidi ambaye hajatishwa na faili ambalo halijapotea. Mwaka 2022 Wasser alikwenda hatua moja zaidi, akatafuta ndugu: mzazi na mtoto, au waliochangia mzazi. Katika pembe 4,320 za shehena 49 alipata mamia ya jozi, na shehena zilizoonekana hazihusiani zikafungamana. Majike hubaki nyumbani, kama Okello alivyoonyesha, kwa hiyo jangili anayerudi pori lilelile humuua mwaka huu mama na mwaka ujao binti. Mwaka huohuo Moazu Kromah, Mlaiberia aliyekuwa na makao Kampala na kukamatwa 2019, alihukumiwa New York miezi 63 kwa kusafirisha pembe za ndovu na vifaru. Mshitakiwa mwenzake Mkenya, aliyekamatwa Mombasa, alipata miezi 54.

Kenya sasa ina maabara yake ya uchunguzi. Shirika la Wanyamapori, KWS, lilizindua ya Nairobi mwaka 2015, na sehemu kubwa ya kazi yake si pembe bali nyama. Mtu akikamatwa na gunia la minofu akisema ni ya ng'ombe, kipande kidogo kinatosha kujua kama ni twiga au punda milia. Kwa kaunti kama Isiolo, ambako vibanda vya nyama na wanyamapori viko karibu, hilo linagusa mahakama za kila siku kuliko makontena ya Asia.

Ramani ya asili za ndovu itahitaji kuchorwa upya pia. Ilitokana na wanyama ambao wazazi wao walitembea kabla ya uzio wa mashamba makubwa na kabla ya lami kufika Moyale. Barabara ya Isiolo kwenda kaskazini imerahisisha maisha ya watu waliosubiri kwa muda mrefu mno, na hakuna anayestahili kuwanyima. Lakini inakata njia za wale madume wanaozishona kanda, na mipango ya reli na bomba la mafuta imechorwa katika upande huohuo. Mwaka 2011 njia ya chini ilifunguliwa karibu na Lewa ili ndovu wapite chini ya barabara kuu, na dume wa kwanza aliipita mapema mwaka huo. Kinyesi chao bado kinachotwa kwenye kingo za Ewaso Nyiro. Kitakachosomwa humo baada ya miaka ishirini kitategemea njia ngapi kama hiyo zitajengwa kaskazini mwa Isiolo, na lini.